Antena ndogo za pachi zenye bendi pana kwa mawasiliano ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapoanza kuchora antena yake ya kwanza ya simu, modemu au kifaa kingine cha mkononi. Mengine yana jibu la sentensi mbili. Mengine yanahitaji hesabu kidogo, nami nimeiweka papo hapo ili uifuate kwa kalamu yako mwenyewe.

Antena ya pachi ni kitu gani?

Ni kiraka bapa cha shaba kilicholazwa juu ya bamba kubwa zaidi la shaba, na katikati yake pana kihami: plastiki, kauri, povu gumu au hewa tupu. Kiraka cha juu ndicho pachi, bamba la chini ndilo graundi. Ukiilisha pachi kwa pini au kwa mstari wa shaba, mkondo huenda na kurudi kati ya kingo zake mbili, na hapo kingoni uga wa umeme hufura nje na kuondoka kama wimbi. Kwa hiyo kinachorusha hasa ni ile mianya miwili ya pembeni, kati ya ukingo wa pachi na graundi, wala si uso wa shaba. Shika jambo hilo, kwa sababu karibu kila jibu lililo hapa chini linatoka humo.

Wazo lenyewe lilitolewa na Georges Deschamps mwaka 1953, lakini antena za kufanya kazi kweli zilikuja miaka ya 1970 kwa mikono ya Robert Munson na John Howell, vihami vyenye upotevu mdogo vilipopatikana.

Nitajuaje urefu wa kuanzia?

Pachi ya kawaida huwa na urefu wa karibu nusu ya wimbi, wimbi likipimwa ndani ya kihami. Chukua urefu wa wimbi hewani, uugawe kwa kipeuo cha pili cha pemitiviti ya kihami (namba inayoonyesha jinsi kihami kinavyoushika uga wa umeme), kisha uzidishe kwa 0.49. Kwa 2.45 GHz wimbi hewani ni milimita 122.4. Bodi ya FR-4, ile bodi ya kawaida ya saketi, yenye pemitiviti 4.4 itakupa urefu wa karibu milimita 29, na upana unaofaa ni kama milimita 37. Hesabu hii inatosha kuanzia tu. Kompyuta itakurekebishia milimita zilizobaki.

Kwa nini bendi yake, yaani eneo la masafa inayoweza kufanyia kazi, ni nyembamba hivyo?

Kwa sababu pachi iliyolala karibu na graundi ni chombo cha kuhifadhi nishati kabla ya kuwa chombo cha kuirusha. Mianya ya pembeni ikiwa myembamba, nishati huzunguka ndani mara nyingi kabla ya kupata njia ya kutoka. Wahandisi huupima uhifadhi huo kwa namba inayoitwa Q: nishati ikikawia zaidi ndani, Q hupanda na bendi hubana. Ukikubali uwiano wa mawimbi ya kusimama (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) wa 2 kwa 1, bendi kwa sehemu ya masafa ya kati ni takriban 0.707 ukigawa kwa Q. Pachi ya FR-4 yenye kimo, yaani umbali kati ya pachi na graundi, cha milimita 1.6 kwenye 2.45 GHz hukupa asilimia 2 hadi 3. Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake inataka asilimia 3.4. Umeshapungukiwa hata kabla ya kuifikia simu.

Simu inahitaji bendi pana kiasi gani?

Toa ukomo wa chini kwenye ukomo wa juu, kisha ugawe kwa masafa ya katikati. GSM 900 iko kati ya 880 na 960 MHz, sawa na asilimia 8.7. Ukitaka kubeba GSM 1800 na UMTS 2100 kwa antena moja, yaani kutoka 1710 hadi 2170 MHz, ni karibu asilimia 24. Ongeza LTE ya 2600 ili ufike 2690 MHz, na hesabu inaruka hadi asilimia 44.5. Bendi ya 5G ya 3300 hadi 3800 MHz ina asilimia 14, ambayo kwa pachi nzuri yenye kimo cha kutosha inafikika bila maajabu.

Angalia pia kipimo unachokitumia. Vitabu vingi hudai S11, yaani kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, iwe chini ya desibeli −10, maana yake asilimia 10 tu ya nguvu inarudi. Watengenezaji wa simu mara nyingi hukubali −6, ambapo robo ya nguvu inarudi. Mtu akikuambia antena yake ndogo ina bendi ya ajabu, kwanza muulize ameipima kwa kipimo kipi kati ya hivyo viwili.

Naweza kuifanya iwe ndogo, iwe pana, na bado iwe na ufanisi mzuri?

Hapana, si zaidi ya mpaka fulani, na mpaka huo umejulikana tangu Harold Wheeler alipouandika mwaka 1947 na L. J. Chu akaufanyia hesabu mwaka 1948. Wazia tufe dogo kabisa linaloweza kuizunguka antena yako yote. Nusu kipenyo cha tufe hilo ni a. Zidisha a kwa 2π, ugawe kwa urefu wa wimbi, upate namba inayoitwa ka. Q ya chini kabisa inayowezekana kwa antena isiyopoteza nguvu ni 1/(ka)³ + 1/ka.

Fanya hesabu. Kwa 900 MHz wimbi ni milimita 333. Ukitaka antena ikae ndani ya tufe lenye nusu kipenyo cha milimita 15, ka ni 0.283 na Q haiwezi kushuka chini ya 48 hivi. Bendi yako ya juu kabisa ni asilimia 1.5. GSM 900 inataka 8.7. Hakuna umbo la shaba litakalokuokoa hapo, hata ukilichora miaka kumi. Ongeza nusu kipenyo mara mbili, kiwe milimita 30: Q inashuka hadi 7.3 na bendi inapanuka hadi asilimia 9.7. Ukubwa umeongezeka mara mbili, bendi zaidi ya mara sita. Ndiyo maana napenda kila mchoraji aifanye hesabu hii asubuhi ya kwanza, kabla hajafungua programu yoyote. Inachukua dakika tano na inaweza kukuokolea miezi.

Tahadhari mbili. Mpaka huu ni wa rezonansi moja, yaani antena yenye masafa mamoja inayoitikia kwa nguvu zaidi. Ukiongeza saketi ya kulinganisha yenye rezonansi ya pili, bendi inaweza kuongezeka zaidi ya mara mbili. Na tufe lazima lizunguke kila kinachorusha. Graundi ya simu ikishiriki kurusha, nayo imo ndani ya tufe. Hapo ndipo simu nyembamba inapopata bendi ambayo kipande chake kidogo cha antena hakistahili kuwa nayo kikiwa peke yake.

Basi nianze kubadilisha nini?

Kimo. Kabla ya kukata mianya kwenye shaba, kabla ya maumbo ya herufi, kabla ya kitu chochote, uliza una milimita ngapi kati ya pachi na graundi. Ukiiinua pachi, ile mianya ya pembeni inakuwa mirefu, nishati inapata mlango mpana wa kutokea, Q inashuka. Pia punguza pemitiviti: kihami kizito huufunga uga ndani, hewa huuachia. Njia rahisi ninayoipenda ni kuchonga pachi kwenye bodi nyembamba ya FR-4 ya milimita 0.8, kisha kuiinua juu ya graundi kwa vijiti vya plastiki ili sehemu kubwa ya nafasi iwe hewa. Gharama ni ndogo na upotevu wa FR-4 hauumi sana, kwa kuwa uga mwingi umo hewani.

Nimeinua pachi, lakini sasa haikubali kulinganishwa na omu 50 za kebo. Kuna nini?

Pini. Waya wowote una indaktansi (tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo), na pini ndefu ina nyingi. Kwa pini ya milimita 1.3, kama ile ya soketi ndogo ya kebo iitwayo SMA, kwenye 1.94 GHz, kimo cha milimita 1.5 hewani huleta ukinzani wa indaktansi wa omu 14 hivi, ambao hauonekani sana. Kimo cha milimita 12.4 huufikisha zaidi ya omu 110. Pachi yako inaweza kuwa imetulia kabisa huku pini ikiharibu kila kitu.

Hapa ndipo ustadi wa miongo mitatu iliyopita ulipojikita: jinsi ya kulisha pachi iliyoinuliwa bila kuumizwa na pini. Mbinu nyingi zenye majina tofauti zinajibu swali hilohilo moja.

Mwanya wa U, umbo la E, pini ya L, pachi za ghorofa: nichague ipi?

Mwanya wa U uliletwa na Huynh na Lee mwaka 1995. Unakata ufa wenye umbo la U katikati ya pachi, na pini inagusa sehemu iliyo ndani ya U. Ufa huo unafanya kazi mbili: unaleta kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) inayofuta indaktansi ya pini, na unaongeza rezonansi ya pili karibu na ile ya pachi. Rezonansi mbili zikisogezwa zikakaribiana, bendi zinaungana, na asilimia 30 inafikika kwa tabaka moja la shaba. Kimo kinachohitajika ni karibu 0.08 ya wimbi. Kwa 1710 hadi 2170 MHz hiyo ni milimita 12 hivi, na pachi hewani itakuwa na urefu wa kama milimita 60, kwa kuwa uga unaofura kingoni unaifupisha chini ya nusu wimbi.

Umbo la E linafanana nalo kwa moyo. Unakata mifereji miwili sambamba kutoka ukingo mmoja. Mkondo wa katikati unakwenda moja kwa moja, wa pembeni unalazimika kuzunguka mifereji, na kwa hiyo pachi moja ina njia mbili zenye urefu tofauti. Fan Yang na wenzake walionyesha zaidi ya asilimia 30 mwaka 2001. Ni rahisi zaidi kurekebisha kuliko U, kwa sababu una vipimo vichache vya kugusa. Anayeanza namshauri aanze na E.

Pini ya L, kazi ya Luk na wenzake ya mwaka 1998, haigusi pachi kabisa. Pini inapanda, kisha inapinda na kulala chini ya pachi, na mkono huo uliolala unakuwa kapasita. Urefu wote wa L ni takriban robo ya wimbi. Inataka kimo cha 0.1 ya wimbi, inatoa kama asilimia 35, na shaba ya pachi inabaki nzima bila kukatwa. Shida yake ni ya mikono: mkono wa L ukilegea nusu milimita, kila kitu kinahama. Ukiitumia, uegemeze kwa povu.

Pachi za ghorofa ni pachi mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini inalishwa na ya juu inaamshwa bila waya. Ukiilisha ya chini kupitia tundu kwenye graundi, kwa njia ambayo David Pozar aliileta mwaka 1985, pini inatoweka kabisa na bendi inaweza kupita kwa mbali zile za U na E. Kwa kituo cha mnara ni chaguo zuri sana. Kwa kifaa cha mkononi ni nene mno.

Na kuifupisha?

Njia yenye faida kubwa kuliko zote ni kulehemu ukingo mmoja wa pachi kwenye graundi. Katikati ya pachi ya nusu wimbi uga wa umeme ni sifuri, kwa hiyo ukiweka ukuta wa shaba hapo unaweza kuitupa nusu nzima na iliyobaki isitambue tofauti. Ukiupunguza ukuta ukawa kipande chembamba pembeni, unapata ile antena ya F iliyolala ambayo ilijaa kwenye simu kuanzia miaka ya 1990. Kwake urefu ukijumlisha na upana ni takriban robo ya wimbi: milimita 31 kwa 2.45 GHz.

Kupindisha njia ya mkondo kwa mifereji pia kunafupisha, lakini shaba nyembamba yenye mkondo mwingi inapata joto. Kauri zenye pemitiviti kubwa zinafupisha zaidi ya vyote, na mfano unaufahamu: kile kigae cha milimita 25 kwa 25 kilicho ndani ya vipokezi vya GPS. Kinafaa pale kwa sababu mawimbi ya GPS ya 1575.42 MHz yanataka MHz chache tu. Usikipeleke kwenye simu ya bendi pana.

Maumbo ya fraktali, yanayojirudia kwa ukubwa tofauti, yanasaidia?

Yanapendeza macho. Yanafupisha kwa sababu ileile ya kupindisha mkondo, na hayavuki mpaka wa Chu.

FR-4 inatosha au ninunue kihami cha gharama?

Inategemea uga wako uko wapi. FR-4 ina kiwango cha upotevu cha karibu 0.02, na vihami vya gharama ni RO4003C yenye 0.0027 na RT/duroid 5880 yenye 0.0009. Pachi iliyochapwa moja kwa moja kwenye FR-4 nyembamba inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake kuwa joto. Iliyoinuliwa hewani, kama nilivyoeleza, haipotezi hivyo. Kuna tatizo la pili linalosahaulika: pemitiviti ya FR-4 haitabiriki kutoka bodi hadi bodi. Ikiwa 4.2 badala ya 4.6, masafa yatahama karibu asilimia 5, yaani zaidi ya MHz 100 kwenye 2.45 GHz. Hiyo ni zaidi ya bendi nzima ya pachi nyembamba. Antena ya bendi pana inasamehe kosa hilo, na hii ni faida yake ambayo haisifiwi vya kutosha.

Grafu ya S11 ni nzuri sana lakini mapokezi ni mabaya. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea kuchora, umekosea kupima. S11 inakuambia nguvu kiasi gani haikurudi. Haikuambii ilikwenda wapi. Rezista ya omu 50 ina S11 bora kuliko antena yoyote duniani, tena kwa bendi pana mno, na hairushi chochote. Antena ndogo inayojisifu kwa bendi isiyolingana na ukubwa wake mara nyingi inaupata upana huo kwa kuunguza nguvu kwenye kihami.

Dawa ni kupima ufanisi. Njia ya Wheeler inahitaji kopo la chuma tu: pima antena ikiwa wazi, kisha ifunike kwa kopo lisiloruhusu mawimbi kutoka, upime tena, na tofauti ya vipimo viwili inakupa sehemu iliyokuwa ikirushwa. Kwa antena yenye rezonansi moja njia hii ni ya kuaminika vya kutosha. Kwa bendi pana yenye rezonansi kadhaa itumie kwa uangalifu, na ukipata nafasi peleka antena kwenye chumba kisichoakisi mawimbi. Ripoti ya antena isiyo na ufanisi ndani yake mimi huiona kuwa haijakamilika.

Tazama pia umbo la mnururisho kwenye mwanzo na mwisho wa bendi, si katikati tu. Mwanya wa U juu ya kihami kinene huleta mawimbi ya upande usiotakiwa, na upande wa juu wa bendi mnururisho unaweza kupinda.

Kwa nini niliyotengeneza haifanani na ya kompyuta?

Anza na kebo. Antena yenye graundi ndogo huirudishia kebo mkondo kwa nje, na kebo inageuka kuwa sehemu ya antena. Ishike kebo kwa vidole huku ukitazama mchambuzi wa mtandao, kifaa kinachopima S11, hata ukiwa na kile kidogo cha NanoVNA. Grafu ikicheza, umemkamata mhalifu. Niliwahi kutumia siku mbili nikirefusha na kufupisha mwanya ambao haukuwa na kosa lolote; kebo ndiyo iliyokuwa ikirusha. Vishanga vya feraiti karibu na soketi hupunguza sana tatizo hili.

Kisha hakikisha umesawazisha kifaa mwishoni mwa kebo, kwa vipande vya kusawazishia vya wazi, fupi na mzigo, wala si kwenye mlango wake. Kisha pima kimo kwa kalipa katika pembe zote nne. Bodi nyembamba iliyoinuliwa hupenda kujikunja katikati. Donge kubwa la lehemu juu ya pini nalo lina athari ukifika GHz kadhaa.

Upande wa uigaji wa kompyuta, iwe unatumia programu ya HFSS, CST au openEMS ambayo ni ya bure, makosa ni mawili ya kawaida. Kisanduku cha hewa kiko karibu mno: kiweke angalau robo ya wimbi kutoka antena kwa masafa ya chini kabisa ya bendi. Na wavu wa hesabu ni mpana mno kwenye mianya: uufanye mwembamba zaidi mpaka jibu liache kuhama.

Graundi iwe na ukubwa gani?

Kwa pachi ya kawaida, ipite kingo za pachi kwa angalau mara sita ya unene wa kihami kila upande. Kwa simu sahau kanuni hiyo. Karibu na 900 MHz, bodi nzima ya simu yenye urefu wa sentimita 10 hadi 13 ndiyo inayorusha sehemu kubwa, na antena yenyewe ni kichokoo tu. Kwa hiyo iweke kwenye ncha ya bodi, wala si katikati, na uichore simu yote kwenye uigaji, pamoja na betri na skrini.

Mkono na kichwa vinaathiri?

Sana. Mkono hushusha masafa na kunyonya nguvu. Bendi pana husaidia kwenye kuhama, haisaidii kwenye kunyonya. Pachi yenye graundi nzima nyuma yake humwelekezea mtumiaji mawimbi machache kuliko antena ya waya, na hilo hurahisisha kutimiza mipaka ya nishati inayofyonzwa mwilini: wati 1.6 kwa kilo kwa wastani wa gramu 1 Marekani, wati 2 kwa kilo kwa wastani wa gramu 10 Ulaya.

Je, ni lazima antena moja ibebe bendi zote kwa wakati mmoja?

Si lazima. Simu haitumii masafa yote kwa pamoja. Unaweza kuchora antena nyembamba yenye ufanisi mzuri, kisha uisogeze kutoka bendi hadi bendi kwa swichi au kwa diodi ya varakta inayobadilisha kapasitansi. Mpaka wa Chu unaheshimiwa kila sekunde, lakini kwa jumla unafika masafa mengi. Gharama yake ni upotevu ndani ya swichi na saketi ya kuiongoza. Kanuni yangu ni hii: nikiwa na kimo cha 0.06 ya wimbi au zaidi, nachora pachi pana ya E au U. Chini ya hapo, hasa kwa masafa yaliyo chini ya 1 GHz, nageukia swichi mara moja, na milimita zilizobaki naziacha zote kwenye ncha ya bodi.